Yaya, kwa nini foni inapotea saa za magharibi?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeangalia juu, yani juu kabisa, kule ndege haifiki. Sikutegemea. Kawaida mnaniuliza mambo ya mihogo na malaria, na leo naona Bukavu, Goma na Lubumbashi wote wananiuliza kitu kimoja bila kujua wenzao wameuliza. Naanza na barua ya operateri wa foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, sababu imenishika roho, na ndo nitaikalia sana.

SWALI: Jambo Yaya. Mi ni operateri wa foni hapa Bukavu, miaka 14 sasa naongea na vituo vya afya vya Shabunda na Mwenga, kule simu haishiki. Mchana nawapata tano kwa tano kwenye frekansi ya juu, lakini jua likishazama sauti inaanza kutetemeka kama mtu anaongea ndani ya ndoo, afu inapotea. Nikishuka frekansi ya chini wanarudi, si kila siku. Kijana mmoja ameniambia eti ni satelite ya Wamarekani, ICON, ndo ilikuwa inapita juu yetu na kutuharibia. Ni kweli? Na ilikuwa inatafuta nini kwetu? — Operateri wa Ibanda, Bukavu

JIBU: Jambo sana mukubwa wangu, na asante kwa hiyo miaka 14, sababu najua kuna wamama wamezaa salama huko msituni ju ya sauti yako.

Hapana, satelite haikukuharibia kitu. ICON ilikuwa satelite ya NASA, shirika la anga la Marekani, na kazi yake ilikuwa kuangalia tu. Na kitu ilichokuwa inaangalia ndo hicho hicho kinachokusumbua weye kila magharibi! Ingeweza kuongea ingekuwa upande wako.

Tuanze na foni yenyewe. Ukibonyeza maikro na kuita Shabunda, sauti yako haiendi Shabunda moja kwa moja, milima imekatiza njia. Inapanda juu, inafika kwenye hewa ambayo jua limeichoma mpaka elektroni zimetoka kwenye atomi zao, hewa yenye umeme, wataalamu wanaiita ionosfea, inaanzia kama kilomita 80 juu yetu na kuendelea mamia ya kilomita. Hapo wimbi linapinda na kurudi chini ng'ambo ya mlima. Ni kama kutupia mtu mpira ukutani ili umfikie chumba cha pili. Ukuta wako ni ionosfea.

Sasa ukuta huo unajengwa na jua, kwa hiyo jua likiondoka unabomoka kidogo kidogo. Mchana elektroni ni nyingi, frekansi ya juu inarudishwa vizuri, na ile ya chini inamezwa na tabaka la chini kabisa. Usiku tabaka la chini linapotea, kwa hiyo frekansi ya chini inapita bila kumezwa, lakini lile la juu nalo limepungua nguvu na frekansi ya juu inalitoboa na kwenda zake angani, hairudi. Miaka fulani nilikaa pembeni ya operateri mmoja wa parokia upande wa Kalehe, chumba kidogo, batri ya gari chini ya meza, waya wa antena umefungwa kwenye mti wa avoka mpaka kwenye paa la kanisa, na juu ya mashine amebandika karatasi yenye namba mbili kwa biki ya buluu, moja imeandikwa MCHANA na ingine USIKU. Hakuna mtu aliyemfundisha maneno ya ionosfea, lakini karatasi ile ilikuwa sahihi kabisa, ni elimu ya anga imeandikwa kwa mkono. Najua na weye unayo karatasi kama hiyo.

Lakini umeniuliza kuhusu kutetemeka, na hilo si jambo la mchana na usiku tu, hilo ni la kwetu sisi watu wa karibu na ikweta. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfea inaisha haraka, wakati ile ya juu inasukumwa kupanda zaidi. Hapo unapata kitu kizito kimekaa juu ya chepesi. Chukua glasi, weka mawese yaliyoyeyuka, mwagia maji juu yake, uone. Mawese hayabaki chini, yanapanda kwa matone matone yakitoboa maji. Huko juu ni vilevile, mapovu ya hewa yenye elektroni chache yanapanda kupitia hewa yenye elektroni nyingi, mengine makubwa kuliko mkoa mzima, yanaanza kama saa moja magharibi na mara nyingi yanatulia karibu na usiku wa manane au baada yake. Wimbi lako likipita humo linavunjikavunjika, ndo ile sauti ya ndoo. Na ukiona jambo linazidi mwezi wa tatu na wa nne, afu tena wa tisa na wa kumi, wala usishangae, sehemu nyingi za Afrika ndo majira yake hayo.

Kuna neno moja zaidi la Kongo hapo, na mi likinishika siwezi kuliacha. Dunia ina ikweta mbili, ile ya ramani inayopita hapa kwetu kaskazini ya Goma, na ya sumaku, ambayo Afrika inapita juu zaidi, upande wa Chad na Ethiopia. Mchana, juu ya ikweta ya sumaku, umeme unainua ile hewa yenye elektroni kama maji ya chemchemi, inapanda, afu inamwagika pande mbili kufuata mistari ya sumaku na kujazana kama digri 15 kusini na kama digri 15 kaskazini. Ukihesabu kwenye ramani, rundo la kusini linaangukia juu ya Kongo yetu. Kwa hiyo ionosfea iliyo juu ya kichwa chako ni kati ya zile nzito na zenye fujo kuliko zote duniani. Huku si pembeni ya dunia hata kidogo.

Ndo maana ICON haikupita kwenye ncha za dunia kama satelite zingine nyingi. Ilirushwa tarehe 10 mwezi wa 10, 2019, na hata urushaji wake ni wa ajabu, ndege kubwa inaitwa Stargazer ilibeba roketi ya Pegasus chini ya tumbo, ikaenda juu ya bahari ya Atlantiki mbele ya Florida, ikaiachia, roketi ikaanguka kidogo afu ikawaka na kupanda. Satelite yenyewe ilikuwa na kilo 288 tu. Ilizunguka kama kilomita 590 juu, na njia yake ilikuwa imelala, haikuvuka digri 27 kaskazini wala kusini. Maana yake ilikuwa inazunguka mkanda wa joto tu, mkanda wetu, karibu mara 15 kwa siku.

Na ilikuwa inatafuta nini? Hapa ndo nataka usome polepole. Mwaka 2006 watafiti waliangalia picha za satelite ingine ya zamani, IMAGE, wakaona ionosfea ya ikweta ina sehemu nne ambazo ni nzito karibu mara mbili ya kawaida. Walishangaa, sababu jua linaangaza kila mahali sawasawa. Wakatazama chini ya zile sehemu. Moja iko baharini, Pasifiki. Tatu zingine ziko juu ya msitu wa Amazon, juu ya Indonesia, na juu ya msitu wa Kongo.

Ni mvua, mukubwa wangu. Mvuke ukigeuka kuwa mvua unaachia joto, na kwetu hilo linatokea kila siku karibu saa zilezile za mchana kuelekea jioni, kwa hiyo hewa inasukumwa kwa mdundo kama ngoma. Mdundo huo unapanda, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi wimbi linazidi kukua, mpaka kule kilomita 100 na zaidi unakuwa upepo mkali. Upepo huo unaburuta hewa yenye umeme ndani ya sumaku ya dunia. Umewahi kuona dinamo ya kinga (baiskeli), kale kachupa kanakogusa tairi la nyuma na taa inawaka? Ni hiyo hiyo. Tairi ni upepo, sumaku ni ya dunia, na umeme unaotoka ndo unaamua ile chemchemi ya juu ipande sana au kidogo.

ICON ilikuwa na vyombo vinne, na uzuri wake ni kwamba iliweza kupima upepo ule wa chini, kwa kuangalia mwanga hafifu wa kijani na mwekundu unaotolewa na oksijeni ya juu, na wakati huohuo kupima mwendo wa hewa ya umeme pale yenyewe ilipokuwa inapita, kwenye mstari uleule wa sumaku. Mwaka 2021 timu yake, ikiongozwa na Thomas Immel wa Chuo Kikuu cha Berkeley, ikatoa matokeo: upepo wa chini ukibadilika, hewa ya umeme ya juu inabadilika nayo. Dinamo ilionekana kwa macho.

Kwa hiyo ile mvua inayokunyeshea Kabare saa tisa, ile radi ya kwetu, joto la mawingu hayo linapanda mpaka kwenye ukuta unaokurudishia sauti toka Shabunda. Mtu akikata msitu wa Kongo anadhani anagusa miti tu.

Kwa vitendo: habari za haraka zitume mapema, zisiangukie jioni kati ya saa kumi na mbili na saa nne, usisubiri magharibi kuita gari la wagonjwa kama unaweza kuita saa kumi. Afu naomba uanze daftari, tarehe, saa sauti ilipoanza kutetemeka, saa ilipotulia, na frekansi. Jaza mwaka mmoja tu, ukishamaliza niandikie, nitalitafutia mtu wa kulisoma sawasawa.

SWALI: Yaya mi ni mwanafunzi Goma. 2021 tulikimbia volkano ya mlima Nyiragongo, na mama na wadogo zangu mpaka Sake, kwa miguu. Mwalimu ametuambia volkano ya Tonga ilitikisa mpaka anga ya satelite. Nyiragongo nayo inaweza kufanya hivo?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Ile tarehe 22 mwezi wa 5 watu wa Goma hawaisahau, na mbele yake kulikuwa ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 iliyokata mji katikati.

Mwalimu amesema kweli. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2022 volkano ya Hunga Tonga ililipuka chini ya bahari ya Pasifiki, moshi wake ukafika kilomita 57, na ICON ilikuwa hai bado. Masaa machache baadaye ikapima upepo huko juu wa karibu kilomita 720 kwa saa, na mto wa umeme unaopita juu ya ikweta ya sumaku ukapanda mpaka mara 5 ya kawaida yake, afu ukageuka kabisa na kuanza kwenda upande mwingine. Satelite za Ulaya zinazoitwa Swarm nazo ziliona. Fikiria fimbo ya kamba ya mchunga ng'ombe: mkono unatikisika kidogo na ncha inalia kama bunduki, sababu kamba inazidi kuwa nyembamba. Hewa nayo inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda.

Nyiragongo ni mlima wa aina ingine. Lava yake ni nyepesi sana, inakimbia kama uji, hatari yake ni kutiririka kwa mbio kuelekea nyumba, na gesi. Mlipuko wa namna ya Tonga unataka mgandamizo mkubwa, na kule iliongezeka maji ya bahari kukutana na mawe ya moto. Kwa hiyo kwa upande wa anga usiwaze, waza njia ya kukimbilia na kiatu cha mama karibu na mlango.

Lakini kuna uhusiano. Wataalamu wanaolinda volkano za Virunga wanatumia mashine za GPS zilizofungwa kwenye mwamba kuona kama ardhi inavimba, hata kwa sentimita. Ishara ya GPS inatoka kilomita 20,200 juu na inapita ionosfea yote kabla ya kugusa Goma. Wasipoondoa mchango wa ionosfea kwenye hesabu, wanaweza kudhani mlima umesogea na haujasogea. Kwa hiyo kuijua anga hii ni sehemu ya kuwalinda nyie.

SWALI: Mimi ni topografu, napima viwanja na machimbo huku Lubumbashi. Tukichelewa kazini mpaka saa moja jioni GPS inaruka, inanipa namba hii, dakika moja baadaye ingine. Bosi anasema mashine imekufa. Asubuhi iko sawa kabisa.

JIBU: Mashine haijafa, ndugu. Soma jibu la operateri wa Bukavu hapo juu, ni mapovu yaleyale. Lubumbashi iko kusini zaidi, lakini povu likipanda sana linajitandaza kwenye mistari ya sumaku mpaka linakufikia. Mashine yenye frekansi mbili inasahihisha ule ucheleweshaji wa kawaida, ila ishara ikianza kupepesa kama nyota, frekansi mbili hazitoshi, mashine inapoteza satelite moja baada ya ingine. Pima asubuhi, maliza kabla jua halijazama, na pointi za muhimu zirudie siku ingine. Na kwamba miaka hii imezidi, ni kweli pia, jua lina mzunguko wa miaka kama 11 na kilele chake kilifika 2024. Mwonyeshe bosi ukurasa huu.

SWALI: Nimesoma kwamba huko juu joto linapita digri 1000. Mbona satelite haziyeyuki? — Msomaji wa Kadutu

JIBU: Sababu hewa ni chache mno. Kila chembe inakimbia kwa kasi sana, na hiyo kasi ndo tunaiita joto, lakini zinazokugonga ni chache hazikupashi. Ni kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma, cheche moja ina joto kuliko sufuria ya bugali lakini ikigusa mkono haikuunguzi kama sufuria.

SWALI: Na hiyo ICON sasa iko wapi? Haitatuangukia?

JIBU: Tarehe 25 mwezi wa 11, 2022 iliacha kuongea. Walijaribu kuiita kwa muda mrefu, na 2024 NASA ikatangaza kazi imeisha. Ilikuwa imepangiwa miaka miwili, ikaitimiza na kuzidisha. Iko huko juu inazunguka kimya, na kwa kimo kile inachukua miaka mingi kushuka, na ikishuka ni ndogo, sehemu kubwa itaungua hewani. Chombo kingine cha kuangalia ionosfea kinaitwa GOLD, tangu 2018 kimekaa mahali pamoja juu ya Atlantiki upande wa Amerika, lakini sisi tuko pembeni kabisa ya jicho lake. Inaniuma kusema hivo.

SWALI: Yaya, mi niko darasa la sita, Goma. Kuko mtu mweusi alifanya kazi hii ya anga ya juu?

JIBU: Kuko, mtoto wangu, na barua yako ndo nimeiweka mwisho nikae nayo vizuri. Anaitwa George Carruthers, Mmarekani mweusi. Akiwa na miaka 10, umri kama wako, alijitengenezea darubini kwa mirija ya karatasi ngumu na vioo alivyoagiza kwa posta. Akakua, akatengeneza kamera ya kuona mwanga ambao jicho halioni, na mwezi wa 4 mwaka 1972 watu wa Apollo 16 wakaiweka juu ya Mwezi wenyewe. Kutoka kule ikapiga picha ya Dunia, na kwa mara ya kwanza watu wakaona hewa yetu ya nje kabisa inang'aa kuizunguka dunia kama pamba. Alikufa 2020. Tarehe 24 mwezi wa 9, 2025 NASA ikarusha satelite yenye jina lake kwenda kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, kuiangalia hewa hiyohiyo.

Na kwenye picha zile za Mwezini, upande wa usiku, inaonekana mikanda miwili ya mwanga imelala upande huu na upande huu wa ikweta ya sumaku. Ni ile chemchemi niliyomwambia operateri wa Bukavu. Mkanda wa kusini, ukifika Afrika, unapita kwenu.